Sindano Niliyomchoma Bihogo

Bangwe, Jumamosi mchana

Mwanangu Riziki,

Umetoka na mama yako kwenda Katonga kutafuta dagaa na migebuka ya kubeba, kana kwamba huko Kibondo unakokwenda watu hawali. Kutoka hapo mtapita Ujiji kumuaga shangazi yako, na shangazi yako hajawahi kumruhusu mtu aondoke kwake kabla hajala mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Nimekaa kitandani na daftari lako la zamani la chuo, nimegeuza upande wa nyuma ambako hukuandika kitu, nakuandikia. Bibi yako Tereza ameshuka kutoka Kalinzi na gari la asubuhi ili akuage, yuko uani anamenya maharage mabichi aliyoyaleta mwenyewe. Anadhani nimelala. Sijalala. Namkimbia mama mkwe wangu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Habari za kuchemsha maji, kufunga komeo la mlango na kupiga simu ukifika, hizo atakwambia mama yako, na atakwambia tena basi likiwa limeshaanza kutembea. Habari za kazi yetu ya mifugo umezisoma kunizidi. Unazijua homoni kwa majina yake, yale ambayo mimi nayatamka vibaya mpaka leo na wewe unageuka ukutani ili nisione unavyocheka. Nimekuona.

Mimi nina jambo moja tu, na halimo katika daftari hili. Kalinzi wananiita Daktari Asiyekosea. Jina hilo umelisikia tangu mdogo, ukalibeba mpaka chuoni, na najua umewasimulia wenzako. Sasa sikia. Mimi baba yako niliua ndama wa bibi yako kwa sindano, halafu nikamwacha bibi yako aamini kwamba amemuua yeye kwa fimbo. Sasa ni miaka kumi na minne. Yeye hajui, mama yako hajui. Kesho unakwenda kuanza kazi ileile kwa mikono yako, na siwezi kukuacha upande basi na sifa ambayo si yangu. Na bibi naye lazima aambiwe leo, wakati yuko hapa. Nimeona nianze na wewe kwa kalamu, nipate moyo, kisha nitoke uani.

Usiogope, barua hii si ya msiba. Sehemu kubwa ni ya ujinga, na ujinga ukishapita miaka mingi unachekesha.

Unajua sisi ni Wabembe wa ziwani. Babu yako alivuka kutoka upande wa Kongo na nyavu zake, na katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kumiliki hata kwato. Nilipomwambia kwamba nakwenda kusomea mifugo, aliniuliza, "Ng'ombe utamvua kwa nyavu gani?" Na nilipooa Kalinzi, ndugu zangu walisema nimefuata maziwa. Kwa hiyo nilipanda mlima nikiwa mgeni wa mambo mawili kwa mpigo, ng'ombe na ukwe, na yote mawili nilitaka watu waone kwamba nayaweza.

Ng'ombe walinisumbua kwanza. Mtungi wa mbegu za madume, zile za kupandikizia ng'ombe, ulikuwa unakuja kwetu mara chache, umetoka mbali, na ile hewa baridi iliyomo ndani ikishapungua, mbegu zimekufa na kazi imekwisha. Huwezi kumsubiri kila ng'ombe apande joto, atake dume, kwa wakati wake, huyu leo, yule baada ya wiki mbili. Ndiyo maana tukafundishwa kuwachoma sindano ili wapande joto pamoja. Mara ya kwanza nilipopewa kazi hiyo peke yangu, niliwachoma ng'ombe kumi na wawili siku ya Alhamisi, nikapiga hesabu kwamba Jumapili watakuwa tayari, na Jumapili watu wote wapo nyumbani. Mtoto wa ziwani! Jumapili Kalinzi nzima ilikuwa kanisani. Ng'ombe walikata kamba, wakatafutana kwa milio, wakakutana wote kwenye uwanja wa kanisa na kuanza kupandana mbele ya madirisha. Katekista alijitahidi kupaza sauti. Mwishowe alifunga kitabu akasema, "Ndugu zangu, leo ng'ombe wametushinda." Niliwahudumia palepale uwanjani, waumini wakishika mikia wakiwa na nguo zao za kanisani, na mama mmoja alishika mkia wa ng'ombe wake kwa kitambaa cheupe cha mkononi.

Kisa hicho umekisikia mara mia. Nakisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye semina. Lakini leo nakwambia kwa nini nakipenda hivyo. Mtu akiwa na kosa dogo la kuchekesha, analitanguliza mbele, watu wanacheka, hakuna anayeuliza kama lipo jingine. Nilikuwa najificha nyuma ya ng'ombe wa kanisani.

Jingine ni hili. Kabla ya harusi, mjomba wa mama yako aliniita akanifundisha adabu za mkwe. Mama mkwe humtazami machoni. Huli naye sahani moja. Hupiti nyuma yake akiwa ameinama. Na mbele yake husemi neno lolote linalohusu mambo ya kitandani, hata la wanyama. Sisi wa ziwani tunataniana na kila mtu, kwa hiyo mimi nilizishika adabu zile kama mtu aliyekariri asichokielewa. Nikikutana na bibi yako njiani, niliingia kwenye mibuni mpaka apite. Waha wenyewe, wenyeji wa Kalinzi, walikuwa wananicheka. Wakwe wengine walimsalimu mama mkwe wao kwa heshima na kupita, mimi natoka kwenye kahawa na majani kichwani.

Ulipokuwa darasa la kwanza ikaja zamu ya kaya za upande wa bibi yako. Ng'ombe kumi na mmoja niliwapima mimba kwa mkono mpaka saa sita, mmoja mmoja, kama inavyotakiwa. Unajua kwa nini, lakini niache niliandike, kwa sababu siku ile nililijua kama unavyolijua wewe leo na halikunisaidia: sindano ile ikimkuta ng'ombe ana mimba, inaitoa. Wa kumi na mbili alikuwa Bihogo wa bibi yako, yule mwekundu mwenye pembe moja iliyoinama, ambaye maziwa yake ndiyo uliyokuwa unakunywa kila likizo. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. Bibi alishika kamba mwenyewe.

Sasa nifikirie, mwanangu. Nivue shati, nivae glovu mpaka begani, niinue mkia, niingize mkono mpaka kwapani, na mama mkwe wangu amesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilisimama na ndoo ya maji ya sabuni, jasho linanitoka. Nikautazama mgomba, nikauliza, "Mama, huyu hana kitu?" Naye akavuta kanga yake, akatazama chini, akasema, "Hana kitu, mwanangu." Nilimshukuru Mungu kabisa. Nikamchoma Bihogo shingoni, ikachukua muda wa kufumba na kufumbua, nikashuka mlima napiga mluzi.

Siku ya tatu asubuhi bibi yako alimkuta ndama migombani. Alikuwa mdogo kama paka, hana manyoya bado. Nilifika na mtungi wangu nikidhani nakuja kazini, nikamkuta bibi ameketi chini karibu naye. Siku hiyo alisahau adabu zote. Alinitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, akasema, "Mkwe, ni mimi. Jana aliingia kwenye maharage, nikampiga. Nimempiga tumboni fimbo mbili."

Riziki, nilijua palepale. Hakuna fimbo mbili za mwanamke mwembamba zinazomtoa ndama kwa ng'ombe mwenye afya. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Pole, Mama. Ni mambo ya Mungu."

Nilimsingizia Mungu. Nikachimba shimo, tukamzika ndama, nikaenda kuwahudumia wale kumi na mmoja. Njiani nilijiambia kwamba nikisema ni sindano, wenye ng'ombe watakataa, kazi ya miezi itaharibika, watu watarudi kwenye madume ya kuokota. Hoja nzuri sana. Ningekuwa wakili ningelipwa. Lakini kampeni ile ya sindano iliisha, na ya pili ikaisha, na ya kumi ikaisha, na bado sikusema. Hapo hapakuwa na kazi ya kulinda, palikuwa na jina langu. Mama yako aliniambia kwamba bibi hula kiapo cha kutopiga ng'ombe kila akiona fimbo, na mwaka ule mzima, Bihogo akiwa hana ndama wala maziwa, alikunywa chai ya rangi bila kulalamika, akisema ni adhabu yake. Mimi nilinyamaza, nikamnunulia kanga. Kanga, mwanangu! Aliipenda, akaivaa kanisani, na kila nikiiona nilitamani kuingia tena kwenye mibuni.

Utauliza kwa nini nakuchosha na haya leo. Ni kwa sababu ya mwezi uliopita, tulipokwenda wote wawili kuwachoma ng'ombe wa mzee wetu yule wa hapa juu. Alikwambia, "Binti, huyu hana mimba, wewe choma tu," nawe ukapiga goti, ukasema "Ndiyo, Mzee," na mkono wako ukaenda kwenye sindano. Niliuona ukienda. Nikasema, "Pima kwanza," ukanikasirikia njia nzima kwamba nimemwaibisha mzee mbele ya wajukuu wake. Nilitaka kukwambia siku ile. Nikakwambia kuna jua kali.

Heshima umeipata kwetu, na ni nzuri, sitaki uitupe Mto Malagarasi ukivuka. Lakini nakujua. Wewe husema ndiyo kabla swali halijaisha. Jumatatu utakuta ng'ombe arobaini wa ushirika wamefungwa kwenye foleni, na kila mmoja ana mzee wake pembeni, na kila mzee anajua ng'ombe wake kuliko msichana wa juzi. Sina dawa ya hilo. Mimi mwenyewe nilihitaji miaka mingi kugundua kwamba mzee huona haya kwa dakika tano, kisha anakuheshimu, na ndama hana dakika tano. Namna ya kusema utaipata kwa mdomo wako. Mimi huwa namwambia mwenye ng'ombe, "Mzee, nakuamini, ila mkono wangu ni mbishi." Wanacheka, nami naingiza mkono. Ningekuwa na sentensi hiyo siku ya Bihogo, ningemwambia bibi yako ageuke atazame migomba, naye angegeuka kwa furaha.

Basi. Nimeandika, na moyo haujapatikana sana, lakini naona dirishani chombo cha maharage kinakaribia kujaa. Ngoja nitoke.

*

Nimerudi.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akasema, "Umeamka?"

"Sikulala, Mama."

"Najua. Mtu aliyelala hakohoi mara kumi."

Nikakaa chini kwenye mkeka, mbele yake, nikachukua ganda la haragwe nikaanza kumenya naye. Alinitazama kwa mshangao kwa sababu sijawahi kukaa hivyo. Nikamweleza yote bila kuzunguka. Nilipofika kwenye sindano mikono yake ikasimama.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Sindano?"

"Sindano, Mama."

"Si fimbo yangu?"

"Si fimbo yako. Ilikuwa nipime kwa mkono, nikaona haya mbele yako. Na nilipokuona umekaa pale na ndama, nikaona haya zaidi."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, jicho hili, kisha hili, taratibu kama mtu anayejifuta vumbi la barabarani. Nilidhani atanyanyuka aende zake Kalinzi kwa miguu, nami nilikuwa tayari kumfuata kwa miguu. Halafu ghafla akanirushia maganda usoni, konzi zima.

"Miaka kumi na minne!" akasema. "Miaka kumi na minne sijainua fimbo! Wanaingia kwenye maharage yangu, nawaambia tafadhali! Yemwe, jamani! Nawabembeleza ng'ombe kama wageni wa harusi, Kalinzi nzima inanicheka, wanasema Tereza anazeeka vibaya! Na wewe upo, unakuja kunywa maziwa yangu!"

"Nisamehe, Mama."

"Nyamaza kwanza, nikasirike vizuri."

Nikanyamaza. Akakasirika vizuri. Alinitaja mimi, akautaja ukoo wangu, akalitaja ziwa lote kuanzia Kigoma mpaka Kongo na samaki waliomo. Kisha akapunguza, akachukua ganda jingine, akalipasua. Akasema kwa sauti ndogo, akitazama chini kama siku ile:

"Na mimi nilijua."

"Ulijua nini, Mama?"

"Kwamba ana mimba. Dume la jirani lilivunja ua, nikaliona kwa macho yangu. Uliponiuliza nilitaka kusema. Ningesemaje? Nimwambie mkwe wangu kwamba ng'ombe amepandwa? Afadhali ardhi inimeze." Akatikisa kichwa. "Nikasema hana kitu. Ndiyo maana fimbo iliniuma hivyo. Nilijua nampiga nani."

Tulitazamana, watu wazima wawili, mmoja ana mvi na mwingine ana mvi nyingi zaidi. Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yeye. Tulicheka mpaka maharage yakamwagika, na jirani akachungulia juu ya ua kuuliza kama tuko salama.

Lakini usije ukachukua maneno yake ukanipunguzia mimi, kama nilivyotaka kufanya mwenyewe kwa dakika moja pale mkekani. Yeye alikuwa mama mkulima mwenye haya zake, hakuwa na namna ya kujua sindano inafanya nini. Anayejua ndiye mwenye deni la kupima. Mkono hauhitaji kuambiwa na mtu.

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema bado, anapanga. Jumamosi ijayo nipande Kalinzi niwapime ng'ombe wake watatu, mmoja baada ya mwingine, na yeye mwenyewe atashika mkia. "Na nitatazama," akasema. "Ukiona haya, utaona wewe." Msamaha atautoa baada ya ng'ombe wa tatu, kama nitakuwa nimepima sawasawa. Kisha akanituma niendelee kukuandikia, nikwambie maneno yake haya: "Mwambie mwana wanje, mwanangu huyo, hata ng'ombe akiwa wa kwangu, hata nikiapa kwa Mungu, aingize mkono."

Ndiyo hayo, nimeyaandika.

Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii niiweke chini kabisa ya begi lako, uisome ukishapita Kasulu, mimi nikiwa mbali na macho yako. Sasa nasikia lango. Nasikia mama yako akilalamikia bei ya migebuka, na wewe unamwamkia bibi. Naye hajakungoja hata uweke mzigo chini. Ameshaanza, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa hadithi miaka kumi na minne: "Riziki, njoo, mwana wanje, kaa hapa, njoo usikie baba yako alichonifanya!"

Mama yako amesema, "Eh!" Bibi amefika kwenye mgomba na ndoo ya sabuni. Ananiigiza sauti, na si vibaya. Nasikia umeweka mzigo chini.

Sasa umeuliza, "Baba yuko wapi?"

Sitakuachia karatasi, mwanangu. Natoka nije unitazame.

Baba yako